Mafaili yangu yote yaliandikwa jina la mdogo wangu

Kazi yangu ni kupanga kurasa. Kadi za michango, kadi za harusi, vipeperushi vya semina, vijitabu vya madrasa. Na msiba ukitokea mtaani, mimi ndiye ninayeamshwa usiku kuandaa ratiba ya maziko na picha ya marehemu. Yote hayo nayafanyia kwenye ThinkPad moja ya mtumba niliyoinunua hapa Tanga mwanzoni mwa 2022. Fundi aliyeniuzia alikuwa mpenzi wa Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta unaoshika nafasi ya Windows. Akaniwekea Linux Mint 20.3, akanionyesha Inkscape ya kuchorea na Scribus ya kupangia kurasa, na siku ananikabidhi akasema jambo ambalo nililiitikia bila kulielewa: "Nimekutengea `/home` peke yake. Siku mfumo ukiharibika unapiga upya huku, na kule kwenye vitu vyako hukugusi."

Kwa ambaye hajakutana na mambo haya: diski yangu iligawanywa patisheni tatu. Moja ndogo ya kuwashia kompyuta, moja ya GB 50 ya mfumo wenyewe, ile inayoandikwa kwa mkwaju mmoja tu `/`, na iliyobaki yote ikawa `/home`, yaani mahali wanapokaa watumiaji na mizigo yao: kazi, picha, muziki, alama za kurasa za Firefox, hadi rangi ya dirisha uliyoichagua. Ukifuta mfumo, nyumba inabaki imesimama. Wazo zuri sana, na bado nalipenda.

Jambo jingine alilolifanya fundi yule, ambalo sikulipa uzito, ni kwamba alianza kwa kufungua akaunti yake ya majaribio. Aliporidhika kwamba kila kitu kinafanya kazi, akafungua ya kwangu, kisha akaifuta ile yake. Baadaye nikafungua ya tatu kwa ajili ya mdogo wangu wa kike anayesoma chuo. Mpangilio huo wa nani alitangulia kuingia ndani ya nyumba ulikuja kunitokea puani miaka mitatu baadaye.

Aprili 2025 muda wa matunzo ya Mint 20 uliisha. Masasisho yakakoma. Nilikaa hivyo miezi kadhaa, kama mtu anayeendesha gari lililopitisha muda wa bima, hadi nikaona haifai. Ipo njia ya kupandisha toleo ngazi kwa ngazi, kutoka 20 kwenda 21, kutoka 21 kwenda 22, lakini nikapiga hesabu ya bando na ya umeme ambao mtaani kwetu hukatika bila hodi, nikaona bora nishushe faili moja la Mint 22 usiku, nilitie kwenye flashi, nipige upya mara moja. Si ndiyo maana fundi alinitengea `/home`?

Nilianza vizuri. Nakala nilikuwa nayo, maana kila siku saa nne usiku kompyuta ilikuwa inanakili yenyewe mizigo yangu kwenda kwenye diski ya nje. Ila diski ile nilikuwa nimeifomati exFAT, ili niweze kuichomeka kwa wateja wenye Windows. Wakati huo sikujua exFAT haihifadhi mwenye faili ni nani wala nani ana ruhusa gani. Inahifadhi yaliyomo tu. Kwa picha na barua inatosha. Kwa nyumba nzima ya Linux ni kama kuhamisha vyombo vyote ukaziacha funguo. Kama una diski ya nje unayotaka iwe mkombozi wako, ama ifomati ext4, mpangilio wa Linux wenyewe, ama funga mzigo wako kuwa furushi moja kwa amri ya `tar` kwanza halafu ndiyo uupeleke huko, kwa sababu `tar` hubeba ndani yake majina, namba na ruhusa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Nikawasha kwa flashi, nikafika pale kisakinishi kinapouliza unataka kusakinisha vipi. Chaguo mojawapo lilikuwa la kufuta diski yote. Mtu mwenye haraka anaweza kubofya hapo na hadithi ikaishia hapo hapo. Nikachagua lile la mwisho, la kujipangia mwenyewe, nikaletewa orodha: sda1, sda2, sda3. Ipi ni ipi? Kwa bahati ukubwa wake ulitofautiana sana, nikajua GB 50 ndiyo ya mfumo. Mwenye patisheni mbili zinazolingana angetokwa jasho. Tangu siku ile, kabla ya kupiga upya kompyuta ya mtu, naandika `lsblk -f` kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, na kuipiga picha skrini kwa simu. Inaonyesha kila patisheni, aina yake, kitambulisho chake, na imepachikwa wapi, yaani inafunguka kama folda ipi. Afadhali zaidi, nazipa majina mapema: `sudo e2label /dev/sda3 nyumba` (neno `sudo` mwanzoni ni kuomba mamlaka ya msimamizi). Patisheni iliyoandikwa "nyumba" huifuti kwa kuchanganyikiwa.

Ile ya mfumo nikaielekeza `/`, nikaweka tiki ya kufomati. Nikafika sda3. Njia sahihi ilikuwa kuichagua, kuiambia kwamba ni ext4 kama ilivyokuwa, kuielekeza `/home`, na kuhakikisha kisanduku cha kufomati hakina tiki. Dakika moja. Lakini kidole kilikataa. Nilikitazama kisanduku kile cha kufomati, mita mbili tu kutoka nilipoketi mdogo wangu anaandika tasnifu yake kwenye daftari kwa sababu kompyuta iko kwangu, nikasema hapana, hii siigusi kabisa. Nikaiacha kama ilivyo.

Si kosa la kufisha. Wapo wanaofanya hivyo kwa makusudi, kisha wanaipachika nyumba wenyewe baadaye. Kosa langu ni kwamba nilisahau kuwa nimeiacha. Mfumo mpya ukawaka, mzuri, mwepesi, nikafungua folda ya Nyaraka. Tupu. Picha, tupu. Moyo ulishuka hadi kwenye ndala. Nilizunguka chumba kama kuku aliyepotewa na vifaranga, nikachomeka diski ya nje, nikaanza kunakili kila kitu upya, na huku nashusha programu zangu na mafaili makubwa ya mteja mmoja kwa bando niliyoinunua kwa dharura. Baada ya saa moja na nusu ndipo nilipofungua kidhibiti cha mafaili na kuona pembeni diski moja inaitwa tu kwa ukubwa wake. Nikaibofya. Mafaili yangu yote yalikuwa mle, hakuna hata moja lililosogezwa.

Hapa nilipaswa kunywa maji, nikae, nifikiri. Badala yake nikafungua `/etc/fstab`, faili linaloiambia kompyuta kipi kipachikwe wapi inapowaka, nikaongeza mstari:

`UUID=... /home ext4 defaults 0 2`

Kile kitambulisho cha UUID ni mlolongo wa herufi na namba thelathini na mbili na vistari vyake. Mimi nilikitazama kwenye dirisha moja na kukiandika kwa mkono kwenye dirisha jingine. Nikaweka b mahali pa 6. Nikawasha upya. Kompyuta ikakaa dakika moja na nusu ikisubiri diski isiyokuwepo duniani, kisha ikakata tamaa na kunitupa kwenye hali ya dharura, maandishi meupe juu ya weusi.

Nikarudi kwenye flashi ile ile, nikafungua mfumo kutoka nje, nikasahihisha. Kumbe yapo mambo mawili yangeniokoa. La kwanza, nakili UUID kutoka kwenye majibu ya `sudo blkid` ukaibandike, usiiandike. La pili, kabla ya kuwasha upya, andika `sudo findmnt --verify` halafu `sudo mount -a`. Hapo ndipo ungeambiwa kosa lako ukiwa bado umekaa kwenye mfumo unaofanya kazi.

Nikawasha tena. Safari hii ikafika kwenye dirisha la kuingilia. Nikaandika neno la siri. Skrini ikawa nyeusi, ikapepesa, ikanirudisha pale pale. Nikaandika tena, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto. Ikanirudisha. Neno la siri halikuwa na kosa, maana nikikosea makusudi ilinikaripia. Ilikuwa inanikubali, inanifungulia mlango, kisha inanisukuma nje.

Nikabonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, ambayo huleta skrini ya maandishi matupu. Hili likumbuke, litakusaidia siku picha zitakapogoma. Nikaingia kwa jina langu, nikaandika `ls -l /home`. Mahali ambapo huwa panaandikwa jina la mwenye folda, kwenye folda yangu paliandikwa 1001. Kwenye ya mdogo wangu, 1002. Nikatazama, nikaona ni hitilafu ya maonyesho tu, nikapita. Jibu lilikuwa limesimama mbele yangu limevaa kanzu nyeupe, nikalipita.

Nikachukua simu, nikatafuta, nikakuta mtu anamshauri mwenzake mwenye shida kama yangu apige `chmod -R 777` kwenye folda yake. Nikapiga. Nikaingia! Skrini ikafunguka, picha ya ukutani ya zamani, bandari ya Tanga jioni, ikatokea. Nilifurahi kama mjinga, maana ndivyo nilivyokuwa.

Amri ile maana yake ni: kila faili na kila folda ndani ya nyumba hii, mtu yeyote asome, aandike, aendeshe. Haikutatua tatizo, iliing'oa milango. Baada ya nusu saa nikaanza kuona vituko. Nabofya faili la maandishi, naulizwa: unataka kuliendesha au kulisoma? Kila faili. Hata orodha ya wadaiwa wangu iliulizwa kama ni programu. Ufunguo wangu wa SSH, njia salama ya kuingia kompyuta ya mbali, ninaoutumia kupeleka kazi kwenye seva ya mteja mmoja, nao ulikuja kukataliwa baadaye kwa sababu uko wazi kwa kila mtu. SSH haikubali ufunguo wa siri ambao si siri. Na ruhusa za awali hazikuwepo popote pa kuzirudisha, kwa kuwa nakala yangu ilikuwa exFAT.

Bado nilikuwa sijaelewa.

Jioni mdogo wangu akaja na daftari lake. "Kaka, niwekee na mimi akaunti yangu, kesho nina kazi ya kuwasilisha." Nikamfungulia akaunti kwa jina lake lile lile la zamani, nikijua itaikuta folda yake. Akaandika neno la siri. Skrini ikapepesa, ikamrudisha. Nikarudi kwenye skrini ya maandishi, nikaandika `ls -l` ndani ya folda yangu, nione ni nini kimebadilika.

Kila faili langu lilikuwa na jina la mdogo wangu. Kadi za watu, ankara, picha za marehemu, barua zangu binafsi. Mwenye mali: yeye. Na folda yake mwenyewe, ya 1002, haikuwa na mwenyewe kabisa.

Alikuwa amesimama nyuma yangu anasoma. "Kaka," akasema, "kumbe nyumba ni yangu mimi?"

Hapo ndipo taa iliponiwakia. Diski haiandiki majina. Kwenye kila faili Linux inaandika namba ya mtumiaji, na jina ni tafsiri tu inayosomwa kutoka kwenye faili liitwalo `/etc/passwd`, ambalo liko upande wa mfumo, upande nilioufomati. Kwenye Mint, Ubuntu, Debian, na Fedora za miaka hii, binadamu wa kwanza kusajiliwa anapewa 1000, wa pili 1001, wa tatu 1002. Katika mfumo wa zamani 1000 ilikuwa ya fundi, aliyejifuta na kwenda zake. Mimi nilikuwa 1001, mdogo wangu 1002. Katika mfumo mpya nilitangulia mimi, nikawa 1000, yaani nikavaa namba ya fundi. Mdogo wangu akaja wa pili, akapewa 1001, na pamoja nayo vitu vyote nilivyovichuma tangu 2022. Kompyuta haikukosea popote. Ilikuwa inasoma hati za nyumba kama zilivyoandikwa.

Ukielewa hili, marekebisho ni mepesi hadi yanaudhi. Kwa upande wangu:

`sudo chown -R 1000:1000 /home/jinalangu`

Ikamaliza haraka. Angalia mwisho wa mstari huo, ni folda yako peke yake. Ukiishia kwenye `/home` utamnyang'anya kila mtu aliyemo. Kwa mdogo wangu nilitumia njia ya pili ambayo naiona bora zaidi: badala ya kubadili namba kwenye maelfu ya mafaili, mpe mtu namba yake ya zamani. Nikaifuta akaunti mpya niliyomfungulia, nikiwa makini sana nisikubali kufuta na folda yake, kisha nikaandika `sudo adduser --uid 1002` na jina lake. Adduser ikaniambia folda ya jina hilo ipo tayari na kwamba haitanakili chochote ndani yake, na hilo ndilo nililotaka kusikia. Nikahakiki kwa `id`, namba ya mtumiaji na ya kundi zote 1002. Akaingia mara ya kwanza tu, akakuta hadi kurasa alizoziacha wazi kwenye Firefox.

Mwisho nikapiga `sudo find /home -nouser`, ambayo hutafuta mafaili yaliyobaki yatima, yenye namba isiyo na mtu. Hayakuwepo.

Uharibifu wa ile 777 ndio ulinichukua Jumapili nzima. Folda zote nikazirudisha 755 na mafaili yote 644 (mwenyewe aandike, wengine wasome tu) kwa kutumia `find`, moja kwa `-type d` na nyingine kwa `-type f`. Folda ya `.ssh` nikaipa 700 na ufunguo wenyewe 600, yaani mimi peke yangu. Halafu nikaanza kuvitafuta kimoja kimoja vijiprogramu vyangu vidogo ambavyo kweli vilistahili kuendeshwa. Hadi leo nikikutana na kimoja kinakataa, najua ni makovu ya Jumamosi ile. Nikimwona mtu anamshauri mwenziwe 777, huwa naacha chai ipoe ili nimjibu.

Kuna na zile gigabaiti zangu za bando. Mafaili niliyoyashusha kwa pupa wakati nadhani nimepoteza vyote, hayaonekani! Nilidhani yamefutika. Ukweli ni kwamba niliyaweka kwenye `/home` ya muda, iliyokuwa ndani ya patisheni ya mfumo, halafu nikapachika nyumba ya zamani juu yake. Ni kama kutandika mkeka juu ya mkeka: wa chini upo, umefunikwa, na unaendelea kula nafasi. Nilishtukia baadaye nilipoona GB 50 zangu zinajaa bila sababu. Dawa: `sudo mount --bind / /mnt`, kisha ukachungulie `/mnt/home`. Nikayakuta yote, nikatoa ya kufaa, nikafuta mengine.

Tulipoingia sote ndani ya nyumba, ikabaki fanicha ya zamani katika nyumba mpya. Mint 20.3 ilikuja na Cinnamon 5.2, yaani ile sura ya madirisha na upau unayoiona kwenye skrini, na Mint 22 iko kwenye toleo la 6. Mipangilio yangu ya miaka mitatu, na vile vijikorokoro vya kuonyesha hali ya hewa na kasi ya intaneti nilivyovipandika kwenye upau wa chini, vilikuwa vimehifadhiwa kwenye `.config` na `.local` ndani ya nyumba. Upau ukawa unatoweka na kurudi. Kabla ya kulaumu mfumo mpya nilifanya jaribio moja ambalo sasa ndilo la kwanza kwangu: nikafungua akaunti tupu inayoitwa jaribio, nikaingia. Kwa mgeni yule kila kitu kilikuwa shwari. Basi ugonjwa uko kwenye mizigo yangu. Nikahamisha folda ya vijikorokoro kwa kuibadili jina tu, nikatoka na kuingia, upau ukatulia. Kubadili jina, siyo kufuta, ukikosea unarudisha.

Niseme na hili kwa walioweka tiki ya kusimba folda ya nyumbani, yaani kuifumba isisomeke pasipo neno la siri, maana Mint walibaki nayo baada ya Ubuntu kuiondoa kwenye kisakinishi chao tangu 18.04. Mimi sikuiweka, ila mwenzangu mmoja aliiweka. Alipopiga upya, badala ya picha zake alikuta faili moja la maelezo na folda inayoitwa `.Private`. Kabla ya kufomati mfumo wako, andika `ecryptfs-unwrap-passphrase`, ukiulizwa andika neno la siri lako la kuingilia, na nakili kwa kalamu zile herufi na namba thelathini na mbili utakazopewa. Pasipo hizo, na pasipo neno la siri la zamani, hakuna fundi wa kukusaidia.

Hasara ya fedha ilikuja Jumatano. Mama mmoja, shangazi wa bi harusi, alirudi kuchukua kadi 150 ambazo tulikwisha kubaliana mchoro wake wiki mbili kabla. Nikafungua faili la zamani kwenye Inkscape, nikalitazama juu juu, nikalipeleka kuchapwa. Majina ya maharusi, yaliyokuwa kwenye hati ya mwandiko wa kupinda-pinda, yalitoka kwa fonti nyoofu ya kawaida, na jina la ukoo wa bwana harusi likaruka nje ya fremu. Fonti zangu za kazi nilikuwa nimezisakinisha kwa ajili ya watumiaji wote, zikakaa `/usr/local/share/fonts`, upande wa mfumo. Zilifutika pamoja nao. Inkscape haikupiga kelele. Ilichukua fonti iliyo karibu na kuendelea na safari. Kadi moja ilikuwa shilingi 1,500, kwa hiyo nilichapa upya kwa shilingi 225,000 za mfukoni mwangu. Shangazi alizigeuza-geuza zile mbovu, akaniambia, "Mwanangu, hizi si za harusi, hizi za mkutano wa kijiji." Fonti sasa nazitia `~/.local/share/fonts`, ndani ya nyumba, na zinahama nami.

Ndipo nikakaa kuorodhesha nini kingine kilikuwa kinaishi nje ya nyumba bila mimi kujua. Maneno ya siri ya Wi-Fi, kwenye ule mfumo wa zamani, yalikuwa `/etc/NetworkManager`. Mipangilio ya printa iko `/etc/cups`. Mwenye hifadhidata ya MySQL au MariaDB, data zake ziko `/var/lib/mysql`, na mwenye tovuti ya majaribio kwa kawaida huiweka `/var/www`. Orodha ya programu ulizosakinisha nayo inaondoka, ingawa hiyo unaweza kuiandika mapema kwenye faili kwa `apt-mark showmanual`. Folda yote ya `/etc` ni nyepesi. Ifunge kwa `tar` uitupe ndani ya `/home` kabla hujaanza. Huirudishi nzima juu ya mfumo mpya, unachungulia tu ulichokisahau.

Nilidhani orodha imekamilika. Miezi miwili baadaye mteja akataka bango la mwezi uliopita, nami nilikuwa nimelifuta kwa bahati mbaya. Hakuna taabu, nikachomeka diski ya nje. Nakala ya mwisho ilikuwa ya ile Ijumaa, usiku wa kuamkia siku niliyopiga upya. Kwa siku sitini na kitu saa nne usiku ilikuwa ikifika na kupita, na kompyuta hainakili chochote, kwa sababu ratiba ya kazi za usiku, crontab, haikai nyumbani. Inakaa `/var/spool/cron`. Chombo pekee nilichokuwa nimekiweka kulinda nyumba nilikifuta kwa mkono wangu siku ile ile niliyojisifu kwamba nyumba imesalimika. Bango nililitengeneza upya kwa macho, nikitazama picha ambayo mteja alikuwa ameiweka kwenye WhatsApp yake.

Mwezi uliopita jirani mwenye steshenari aliniita nimpigie Mint upya. Ana watumiaji watatu na printa mbili. Nikafungua daftari, nikaanza: namba ya kila mtumiaji, picha ya `lsblk -f`, fonti ziko wapi, printa zinaitwaje, nakala iko kwenye diski ya aina gani. Ilipofika nusu saa flashi bado imo mfukoni mwangu, uvumilivu ukamwishia.

"Kaka, unapiga mfumo au unaniandikia wosia?"

Nikamwomba aagize chai, sijafika kwenye crontab.